Umeme umejaa Rufiji, taa zinafifia kaskazini: ugonjwa uko kwenye njia ya umeme

#1 Mleta uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Tangu Machi 2025, Rais Samia alipoeleza akiwa ziarani Kilimanjaro kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kuna swali halijaisha humu wala vijiweni. Tumejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, mitambo 9 na kila mmoja megawati 235, halafu tunakwenda kununua umeme nje? Nimesoma michango mingi. Wapo walioita usaliti, wapo walioita upigaji. Mimi nimefanya kazi za laini kubwa kwa miaka 11. Nilianza na timu ya upimaji, nikahamia kwenye misingi ya minara, kisha kwenye kuvuta nyaya. Nimeamua kuandika kwa sababu hasira zetu zote tunazipeleka bwawani, na bwawa halina kosa.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao. Februari mtambo wa kwanza wa Rufiji ukawashwa. Machi, TANESCO ikatangaza kuzima vituo 5 vya kuzalisha umeme kwa maji kwa kuwa umeme umezidi matumizi. Aprili 1 gridi ya taifa ikazimika. Miezi minne tu, na tumepita kwenye njaa, shibe na giza. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Unazalishwa na kuliwa sekunde ileile, na mahali usipofika ni sawa na haupo.

Sasa chukueni ramani. Umeme wa Rufiji unatoka bwawani kwa laini yenye msongo (nguvu ya kusukuma umeme) wa kilovoti 400, kilomita 160, mpaka kituo cha kupoza umeme cha Chalinze. Hadi hapo barabara ni pana. Kuanzia Chalinze kwenda Moshi na Arusha njia ni mbili, na zote zina shida. Ya kwanza ni laini ya zamani ya kilovoti 132 inayopita Hale na Same. Ya pili inazunguka: Morogoro, Kidatu, Iringa, Dodoma, Singida, halafu Babati ndipo Arusha. Yaani unateremka kusini kwanza ili upande kaskazini.

Wanaosema "umeme ni umeme, hata njia ikiwa ndefu utafika" nawaomba wapige hesabu hii. Kusafirisha megawati 200 kwa kilovoti 400 unahitaji mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, wa ampea 289 hivi. Kwa kilovoti 220 unahitaji ampea 525. Kwa kilovoti 132 ni ampea 875. Na upotevu kwenye waya haupandi sawasawa na mkondo, unapanda kwa mraba wake: mkondo ukiwa mara mbili, upotevu ni mara nne. Kwa hiyo kwa waya uleule, umeme uliopita kwenye 220 umepoteza zaidi ya mara tatu ya ule wa 400, na uliopita kwenye 132 karibu mara tisa. Umeme huo unaishia kuwa joto, unapasha hewa ya porini. Rais alitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Ukishaielewa hesabu hiyo ya mraba hutashangaa zinapotea wapi.

Inayoniuma mimi ni hii: vipande vya barabara kubwa tunavyo. Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga kuna laini ya kilomita 670 iliyojengwa kwa ajili ya kilovoti 400, ingawa iliwashwa kwa 220 kwanza. Singida hadi Arusha hadi Isinya kule Kenya kuna laini ya kilovoti 400, zaidi ya kilomita 500, iliyounganisha gridi zetu mbili mwishoni mwa 2024. Kilichokosekana ni kipande cha katikati, Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345. Kinajengwa. Lakini bwawa limekitangulia, na hapo ndipo tulipokosea: tulihesabu mitambo, hatukuhesabu njia kwa uzito uleule.

Mtaniuliza, kilomita 345 zina ugumu gani kwa nchi iliyojenga bwawa lile? Bwawa linajengwa sehemu moja. Ukishaweka uzio wako, kazi inakwenda. Laini ni mradi unaopita kwenye maisha ya watu. Kwa msongo wa kilovoti 400 unahitaji mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya laini, wa mita 50 na kitu. Zidisha mita 50 kwa kilomita 345, unapata hekta 1,725, karibu ekari 4,260 za mashamba, nyumba, malisho, misikiti, makanisa na makaburi. Kila mwenye chake hapo lazima atambuliwe, athaminiwe, asaini, alipwe, ahame.

Niwape kisa kimoja nilichokiona. Sitataja kijiji wala kampuni.

Mkoa mmoja wa kanda ya kati. Kulikuwa na mzee ana ekari 3 za alizeti na nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe. Wathamini walikuja, wakahesabu miti, wakapima nyumba, wakachora X nyekundu ukutani, wakamwambia asiendeleze chochote maana hakitalipwa. Akatii. Msimu wa kwanza bati mbili zikang'olewa na upepo. Hakuziezeka upya, alisubiri hela. Msimu wa pili ukuta wa upande wa jikoni ukaanza kumomonyoka. Nilimkuta amehamishia kitanda chumba cha mbele, na nailoni ameitandaza juu ya kabati. Miaka 2 ikapita. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, thamani iliyopita miaka 2 bila kulipwa inabidi ifanywe upya, kwa hiyo wathamini wakarudi kuthamini nyumba ambayo sasa imeoza kwa sababu yao. Mzee akakataa kusaini. Mngekuwa ninyi mngesaini?

Kwa mafundi athari yake ilikuwa hivi. Nyaya hazivutwi mnara kwa mnara. Zinavutwa kwa kipande, kutoka mnara wa kona mpaka mnara wa kona mwingine, na kipande kile kilikuwa na kilomita 6. Minara yote ilikuwa imesimama isipokuwa mmoja, ule wa kwenye alizeti za yule mzee. Winchi ipo, madramu ya waya yapo, vikombe vya kushikilia nyaya vimeshapandishwa, vijana 40 wanalipwa posho ya kukaa. Tulikaa wiki 7. Walewale waliochelewesha malipo yake ndio waliokuwa wanauliza kwenye vikao kwa nini mradi umechelewa.

Alipolipwa kwa thamani mpya na riba yake, alisaini siku hiyohiyo. Hakuwa mkorofi. Nasema hivi kwa sababu kwenye taarifa za miradi huwa panaandikwa "changamoto ya wananchi kugoma kupisha mradi", sentensi imeisha. Mimi katika miaka 11 nimeona waliogoma wachache sana. Waliocheleweshewa haki yao nimewaona wengi.

Makaburi ni habari nyingine, nayo haiharakishwi. Familia inaitwa, bwana afya lazima awepo, wazee wanasoma dua au sala, sanda mpya inanunuliwa, mabaki yanahamishwa kabla jua halijawa kali. Nilishuhudia mama mmoja akiomba tusubiri mwanawe atoke Mwanza, kwa sababu kaburi lilikuwa la baba wa kijana huyo. Tulisubiri siku mbili. Ratiba ya mradi haikuwa na hizo siku mbili, na nadhani zilipaswa kuwemo tangu mwanzo.

Hela nazo. Mitambo ya kuzalisha ina mvuto: mwekezaji anaweka fedha zake, anasaini mkataba wa kuuza umeme miaka 20, anajua atarudisha. Laini haina mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo inategemea bajeti na mikopo ya taratibu. Ile ya Iringa hadi Shinyanga ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Japani, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Korea. Wakopeshaji watano, kila mmoja na masharti yake ya zabuni na mazingira.

Naomba tuijadili kwa mtazamo huo. Karibuni.

#2 Mchangiaji kutoka Same

Asante mkuu kwa nondo. Mimi nina mashine ya kusaga. Asubuhi inapiga kazi vizuri. Ikifika saa 1 jioni ukiiwasha inanguruma tu haizunguki, na taa ya dukani inakuwa nyekundu kama kaa. Nimeunguza mota mbili. Fundi ananiambia "umeme mdogo". Hii nayo inatokana na hiyo laini ya 132 au ni transfoma yetu ya kijiji?

#3 Mleta uzi

Pole sana dada. Yawezekana ni vyote viwili. Laini kubwa ikizidiwa saa za jioni msongo unashuka, na sisi wa mwisho wa laini ndio tunaopata makombo. Lakini kuna la pili ambalo halisemwi sana. Nchi imepeleka umeme kwenye vijiji vyote 12,318, na ni kazi ya kuheshimiwa. Vingi vimefikiwa kwa kurefusha laini za kilovoti 33 kutoka vituo vilevile vya zamani. Utakuta laini moja ya 33 imetembea kilomita 100 na zaidi, ina matawi kama mti wa mkwaju. Mbele huko mashine za kusaga zikiwaka pamoja, nyuma taa zinafifia. Tawi la mti likianguka mahali pamoja, tarafa nzima gizani. Dawa yake ni kuongeza vituo vya kupoza umeme karibu na watu, siyo kuongeza nguzo peke yake.

Kwa sasa usiwashe mota msongo ukiwa chini. Inavuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, ndiyo maana inaungua. Mwambie fundi akufungie kifaa cha kukata umeme ukishuka.

#4 Mchangiaji kutoka Kahama

Mleta mada umeeleza vizuri ila kuna kitu umekiruka. Kama tatizo ni umbali, Ethiopia ni mbali kuliko Rufiji. Huo wa Ethiopia wenyewe haupotei njiani?

#5 Mleta uzi

Swali zito hili mkuu, na nilitegemea litakuja.

Kutoka Wolayta Sodo kule Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ni kilomita 1,045, lakini laini ile ni ya kilovoti 500 na ni ya mkondo mnyoofu, yaani umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri. Kwa masafa ya namna hiyo unapoteza kidogo kuliko mkondo geu tuliouzoea. Kikwazo chake ni kwamba pande zote mbili lazima ujenge vituo vya kuugeuza, na vituo hivyo ni ghali mno, ndiyo maana havijengwi kwa safari fupi. Ukifika Suswa unaingia kwenye gridi ya Kenya, na kutoka Isinya hadi Arusha ni jirani kabisa, tena kwa kilovoti 400.

Jingine, umeme haufuati mkataba, unafuata njia nyepesi. Ethiopia ikiingiza megawati 100 upande wake na sisi tukichukua 100 Namanga, uliowaka Arusha huenda umetoka Olkaria, kwenye mitambo ya Kenya ya mvuke wa ardhini. Kinachosafiri safari nzima ni hesabu ya fedha.

Lakini sitaki kuificha hoja yako. Upotevu wa kule unalipwa na mnunuzi ndani ya bei, pamoja na ada ya kupitisha umeme kwenye nyaya za Kenya. Kwa maoni yangu kununua ni sawa kama tiba ya muda wakati kipande cha Chalinze hadi Dodoma kinakamilishwa. Ununuzi ukigeuka sababu ya kulegeza kamba kwenye kipande kile, hapo nitaungana na mnaolalamika.

#6 Mchangiaji kutoka Nakuru, Kenya

Ndugu zangu Watanzania, msidhani ni ninyi tu. Hapa kwetu tuliona jambo hili kwa uchungu. Loiyangalani, Marsabit, kuna mashine 365 za upepo, megawati 310. Zilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017. Laini ya kuleta stima hadi Suswa, kilomita zaidi ya 400, ilikuwa haijaisha. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi, Isolux, ilifilisika huku milingoti mingine haijasimama, na mizozo ya ardhi ilikuwa imeshaichelewesha. Upepo ukavuma mwaka mzima na ushee bila stima kufika. Laini iliwashwa Septemba 2018 baada ya kupewa Wachina. Kwa kuwa mkataba ulisema mwenye mashine alipwe hata kama laini haipo, sisi wananchi tulilipa mabilioni kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja.

Na mkishajenga mlinde. Januari 2022 milingoti ya laini ya Kiambere kuja Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Ilionekana vyuma vilikuwa vimefunguliwa na wezi wa chuma chakavu, hadi serikali ikapiga marufuku biashara hiyo kwa muda.

#7 Mleta uzi

Asante sana ndugu yetu. Kisa cha Loiyangalani kingefaa kusomwa na kila anayesaini mkataba wa kuzalisha umeme Afrika Mashariki.

Kuhusu vyuma, ni kweli tupu. Mnara unasimama kwa vyuma vyembamba vya mshazari vinavyofungwa kwa boliti. Mtu akitoa vinne vya chini, mnara hauanguki siku hiyo. Unasubiri upepo. Tulikuwa tunakagua miguu ya minara, tunakuta boliti zimelegezwa upande mmoja, mwizi ameacha spana kwenye majani akikusudia kurudi usiku.

#8 Mchangiaji kutoka Kigoma

Sisi huku tulikaa miaka mingi na majenereta ya dizeli. Gridi imetufikia 2022, tulifurahi mno, kelele zile zikanyamaza. Swali langu: kwa nini mkoa kama wetu unaachwa hadi mwisho kila mara? Na hiyo Aprili 2024, hitilafu ya mahali pamoja inawezaje kuzima nchi yote?

#9 Mleta uzi

La kwanza mkuu: hesabu za fedha huwa zinaukandamiza mkoa wa mbali. Laini ni ndefu, matumizi ni madogo, mchumi anasema haitarudisha gharama. Hasemi kwamba matumizi ni madogo kwa sababu laini haipo. Nani ajenge kiwanda cha mawese kwa umeme wa jenereta?

Kuna na shida ya kifundi ambayo wengi hawaijui. Laini ndefu isiyo na mzigo wa kutosha, msongo wake unapanda kule mwisho badala ya kushuka. Usiku watu wamelala, laini inafura, inaweza kuunguza vifaa. Inabidi vifungwe vifaa maalumu vya kuumeza huo msongo wa ziada, navyo ni fedha.

La pili. Gridi ya nchi yetu inakwenda kwa mapigo 50 kwa sekunde, na mitambo yote inazunguka kwa mapigo hayo kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Laini kubwa au mtambo mkubwa ukitoka ghafla, waliobaki wanalemewa, mwendo unashuka, na kila mtambo una kinga inayouambia ujitoe usije ukavunjika. Mmoja akijitoa, mzigo unamwangukia mwenzake, naye anajitoa. Ni suala la sekunde. Nchi yenye gridi kama wavu, uzi mmoja ukikatika umeme unapita kwingine. Gridi yetu bado ni kama mti: shina moja na matawi marefu. Tunataka kipande cha Chalinze hadi Dodoma kwa ajili ya upotevu, lakini mimi nakitaka zaidi kwa ajili ya hili. Kinafunga duara.

#10 Mchangiaji kutoka Morogoro

Kwa nini wasizike nyaya ardhini tukaachana na habari za kufyeka na minara?

#11 Mleta uzi

Ardhini kunafaa mjini na kwa umbali mfupi. Kwa kilovoti 400 ya mkondo geu, ukizika kilomita nyingi waya wenyewe unajaa umeme kama tangi na hakuna kinachobaki cha kumfikia mtumiaji. Gharama ni mara kadhaa, na ukipata hitilafu unachimba. Ujerumani wameamua kuzika laini yao ya SuedLink, kama kilomita 700, kwa mkondo mnyoofu, baada ya wananchi kukataa minara. Ilipangwa kuisha 2022, sasa wanasema 2028. Hata huko fedha zipo na bado ardhi ya watu imewachelewesha.

Na tukichelewa kuagiza vifaa tunajiumiza. Dunia nzima inajenga gridi kwa wakati mmoja. Transfoma kubwa unaweza kuisubiri hadi miaka 4 tangu uiagize.

#12 Mchangiaji kutoka Singida

Mimi nyaya kubwa zinapita juu ya shamba letu, usiku wa ukungu zinalia kama nyuki. Nyumbani tulikaa na koroboi miaka baada ya hapo. Mtoto wangu aliniuliza, baba, huo umeme wa nani?

#13 Mleta uzi

Mkuu, hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Kifundi, huwezi kuchomoa umeme wa nyumba kwenye kilovoti 400. Inatakiwa kituo kizima cha kupoza, na hicho ni mabilioni, hakijengwi kwa kila kijiji. Ukweli huo tunaupokea. Lakini hakuna sheria ya fizikia inayokataza bajeti ya laini kubwa kubeba ndani yake nguzo za kilovoti 33 kwa vijiji vya pembeni ya mkuza, zijengwe kwa pamoja, na fidia ilipwe kabla ya X kuchorwa, siyo baada. Anayelala jirani na waya akiwa na mwanga nyumbani kwake anaulinda ule mnara. Usiku boliti zikilegezwa yeye ndiye anayesikia spana ikigonga chuma, si mlinzi aliye kilomita 40.

Yule mzee wa alizeti nilipita kwake mwaka jana. Nyumba mpya iko nje ya mkuza, mlango ni ule wa mninga, aliung'oa akaja nao. Umeme ameupata, umetokea upande wa pili wa kijiji. Aliniuliza kama ng'ombe wake wanaweza kulisha chini ya laini. Nikamwambia wanaweza, mazao mafupi pia apande, ila asijenge na asipande mti mrefu.

Mnaoishi kati ya Chalinze na Dodoma, tupeni hali halisi ya huko. Minara imesimama mpaka wapi, nyaya zimevutwa mpaka wapi, na nani bado hajalipwa?